Nyuki pori na nyigu wapweke wa Nyanda za Juu Kusini: yupi umpe makazi shambani kwako

Kati ya Juni na Agosti, baridi inapokaza Njombe, Mufindi na Makete, watu hukarabati nyumba. Matundu ya ukutani yanazibwa kwa lipu, kenchi zilizotobolewa zinabadilishwa, kingo za mashamba zinafyekwa na kuchomwa moto. Humo ukutani, ndani ya kenchi na chini ya kingo hizo ndimo kizazi kijacho cha nyuki pori na nyigu wapweke kimelala kikingoja joto la Septemba na mvua za Novemba. Uamuzi wa nani abaki na nani aondoke hufanyika miezi hiyo, na mara nyingi mwenye nyumba hajui kama ameamua chochote.

Ulinganisho huu unamlenga mkulima au mwenye bustani anayetaka kuamua akiwa anajua. Msimamo wetu tunautanguliza: katika milima yetu maua bado yapo ya kutosha sehemu nyingi. Kilichopungua ni mahali pa kutagia. Magogo makavu yamekuwa kuni, kuta za udongo zimekuwa kuta za tofali la kuchoma na saruji, kingo zimelimwa hadi mwisho. Kwa hiyo usichague mdudu kwa sifa zake peke yake. Anza na kiota unachoweza kukitunza, halafu angalia zao lako.

Kwanza mtambue

Nyuki ni tawi la nyigu lililoacha nyama. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, baadhi ya nyigu wawindaji walianza kulisha watoto wao chavua badala ya wadudu, na kutoka kwao wakatokea nyuki wote tunaowajua, zaidi ya spishi 20,000 duniani. Wanasayansi wamewagawa katika familia saba, na sita kati ya hizo zipo Afrika. Shambani kwako utakutana hasa na tatu: Apidae (nyuki wa mzinga, nyuki wadogo wasiouma, nyuki seremala na wale wenye pete za buluu), Megachilidae (wakata-majani na watumia utomvu) na Halictidae (wadogo wachimbaji, wengine wa kijani kinachong'aa).

Undugu huo unaleta jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ukutani kwako huenda kuna nyigu wawili wanaojenga kwa tope. Mmoja ni mweusi mwenye miguu ya njano na kiuno kama uzi, jenasi ya Sceliphron. Mwingine hujenga kichungu, yaani chungu kidogo cha tope, chenye shingo, na ni wa kundi la Eumeninae. Wanaonekana ndugu, kumbe huyo wa kwanza ana undugu wa karibu zaidi na nyuki kuliko na mwenzake, na wa pili ni jamaa ya nyigu wa karatasi wanaoning'iniza viota mapaani. Ili kuwatofautisha, tazama mabawa akiwa ametua. Jamaa wa nyigu wa karatasi huyakunja kwa urefu, yakawa membamba kama ukanda. Sceliphron huyalaza bila kuyakunja.

Kutofautisha nyuki na nyigu, angalia nywele na mzigo. Nywele za nyuki zina matawi madogo, ndiyo maana chavua inamganda. Kioo cha kukuzia mara 10 kinatosha kuziona. Kisha tazama chavua inabebwa wapi. Ikiwa chini ya tumbo, huyo ni Megachilidae. Ikiwa kwenye miguu ya nyuma kama bonge lililoloweshwa, ni nyuki wa mzinga au nyuki mdogo asiyeuma. Ikiwa kwenye miguu ya nyuma lakini kavu, imesambaa kwenye nywele, basi yaelekea ni nyuki wa udongoni au seremala. Mdudu mwenye kiuno chembamba, asiye na nywele nyingi, aliyebeba kiwavi au buibui, ni nyigu wala hakuna haja ya kioo.

Kwa mtazamo mmoja

| Kundi | Kiota chake | Anachokupa | Anachodai |
|---|---|---|---|
| Nyuki wadogo wasiouma | Tundu la mti, ukuta, kichuguu au udongo | Uchavushaji wa maua madogo, asali kidogo | Joto, miti mikubwa, uvumilivu |
| Nyuki seremala | Gogo kavu, mbao isiyopakwa kitu | Pasheni, nyanya, biringanya, mbaazi | Mbao za paa zilindwe |
| Nyuki mkata-majani na wa utomvu | Mwanzi mkavu, tundu la ukutani | Mikunde, alizeti, mboga | Majani machache, mianzi safi |
| Nyuki wa udongoni | Kingo tupu, ukuta wa tope | Nyanya, maboga, ngogwe, pilipili | Ardhi isiyoguswa na jembe |
| Nyigu wapweke | Tope, mwanzi, ardhi | Uwindaji wa viwavi, sota, panzi | Kuacha kupulizia ovyo |

Jedwali hili linafaa kuanzia tu. Tofauti zenye uzito ziko kwenye maelezo.

Seremala au mkata-majani?

Hawa wawili ndio wanaoulizwa zaidi, kwa sababu wote hukaa matunduni na wote mtu anaweza kuwawekea makazi kwa mikono yake. Lakini kazi zao hazifanani, na makosa ya kuwafuga hayafanani pia.

Nyuki seremala (Xylocopa) ni mkubwa. Jike la spishi moja ya kawaida, Xylocopa caffra, ni jeusi lenye mikanda miwili ya njano au nyeupe, na dume lake lina manyoya ya njano yenye ukijani kiasi kwamba watu hudhani ni mdudu mwingine kabisa. Dume hulinda eneo, huelea usoni mwa mtu na kunguruma, lakini hana mwiba. Jike anao, ila huutumia akishikwa mkononi. Hali mbao, anaitafuna na kuitupa kama unga. Mlango ni wa duara safi, upana wa kidole cha mwisho, nao huingia kidogo kisha hukata kona na kufuata nyuzi za mbao. Unga chini ya tundu na madoa ya njano ukutani ni alama zake.

Faida yake kubwa iko kwenye pasheni. Ua la pasheni limejengwa kwa mdudu mpana: vifuko vya chavua vinaning'inia juu ya duara la nekta, na seremala akiinama kunywa, mgongo wake unavigusa. Nyuki wa mzinga hupita chini ya vifuko hivyo, huchota chavua na kuondoka bila kugusa sehemu ya kike ya ua. Pasheni ya zambarau, inayostawi milimani, inaweza kujichavusha yenyewe ingawa bado inahitaji wa kuhamisha chavua. Ile ya njano ya mabondeni, Kyela au Usangu, haizai kwa chavua ya mche uleule. Ukipanda miche iliyotoka shina moja, au huna seremala, utaona maua mengi na matunda ya kuhesabika. Ndiyo maana kwa mwenye pasheni ya njano jibu letu halina kusitasita: seremala kwanza, wengine baadaye.

Kazi yake ya pili ni kunguruma. Nyanya, biringanya, ngogwe na mnavu hufungia chavua ndani ya vifuko vyenye tundu dogo kama chupa ya chumvi. Seremala hushika ua, hutikisa misuli ya kifua bila kupiga mabawa, na chavua inamwagika. Nyuki wa mzinga hawezi. Nyanya hujichavusha na upepo husaidia, lakini ua lililongurumiwa hutoa tunda lenye mbegu nyingi na uzito zaidi.

Hasara zake tusizifiche. Matundu yake hurithiwa. Mabinti huongeza mapango pale mama alipoachia, na mbao moja ikitumika miaka mitano inadhoofika kweli. Kwenye maua marefu ya mrija hutoboa pembeni na kunywa nekta bila kuchavusha. Na kizazi chake ni kidogo mno: yai lake ni miongoni mwa mayai makubwa kuliko yote ya wadudu, na jike hutaga machache. Ukiua majike matano, pengo hilo halijazwi msimu huohuo.

Dawa ya mgogoro wa paa ni kumpa gogo bora kuliko kenchi yako. Tafuta gogo kavu la mti laini, paini isiyotiwa dawa, mkuyu au tawi la mparachichi wa zamani, unene wa sentimita 10 hadi 15, urefu wa mita moja. Toboa vianzio kwa biti ya milimita 12, kina cha sentimita 2, umbali wa sentimita 10 kati ya kimoja na kingine, upande wa chini au ubavuni ili maji yasiingie. Lining'inize likiwa limelala, mita moja na nusu hadi mbili kutoka chini, chini ya upenu au kibati. Kisha mbao za nyumba zipake rangi au oili chafu. Hatua hizi mbili ziende pamoja. Wanaoweka gogo bila kupaka mbao wanashangaa seremala kubaki kwenye kenchi, na wanaopaka bila kuweka gogo wanampoteza kabisa.

Kabla ya kuziba tundu la zamani, hakikisha halina mtu. Bandika usiku kipande cha gazeti kwa uji wa unga juu ya mlango. Siku ya jua ikifika saa sita mchana karatasi ikiwa imetobolewa, kuna mwenyewe. Msimu wa baridi hukaa ndani siku nyingi mfululizo, kwa hiyo jaribio la Julai siku ya ukungu halina maana.

Mkata-majani (Megachile) ni mwepesi zaidi kumkaribisha, na kwa mtu mwenye bustani ya kawaida isiyo na pasheni, sisi tungeanza na yeye. Unamjua kwa kazi yake: nusu duara safi pembeni mwa jani la waridi, mbaazi au maharage, kama lililokatwa kwa mkasi. Kiwavi huacha ukingo uliochakaa na kinyesi. Mkata-majani haachi uchafu. Kosa la kawaida ni kudhani ni ugonjwa au viwavi na kupulizia dawa. Mche mzima haupungukiwi na chochote kwa vipande hivyo.

Anakata vipande virefu vya kuviringisha kuta za chumba, anaweka mkate wa chavua na nekta, anataga yai moja, anafunika kwa vipande vya duara, kisha chumba kingine. Mwanzi wa sentimita 15 unaweza kuchukua vyumba sita hadi kumi. Mayai ya majike hutagwa ndani kabisa na ya madume karibu na mlango. Hapa ndipo nyumba nyingi za nyuki zinazochongwa kwa kupendeza zinapofeli: tundu la sentimita 6 linatoa madume karibu watupu, na baada ya misimu miwili hakuna anayerudi.

Mkoa wa Iringa na Njombe una bahati ya mianzi ya ulanzi. Kuta zake ni nene na tundu la ndani ni dogo, hasa linalotakiwa. Kata mianzi iliyokomaa, miaka mitatu au zaidi, mvua zikishaisha. Loweka majini wiki mbili ili sukari itoke, la sivyo bungua wataisaga kuwa unga kabla nyuki hajafika. Kausha kivulini mwezi mzima. Kata nyuma tu ya kifundo ili kifundo chenyewe kiwe ukuta wa mwisho, na mbele acha sentimita 15 hadi 18. Mwanzi ulio wazi pande zote mbili haukaliwi. Lainisha mdomo kwa msasa, maana nyuzi zilizochongoka hupasua mabawa. Changanya vipenyo: milimita 3 hadi 4 kwa nyuki wadogo wapweke wa Heriades na Hylaeus, 6 hadi 8 kwa wakata-majani wengi, 10 hadi 12 kwa wakubwa wanaotumia utomvu.

Fungasha mianzi 30 hadi 50 ndani ya kopo au kipande cha bomba, ukaze sana, kisha funga kwenye nguzo isiyoyumba. Mlango uelekee mashariki au kaskazini mashariki. Mvua na ukungu wetu mwingi huja na upepo wa kusini mashariki, na miezi ya baridi jua letu hupita upande wa kaskazini. Mwelekeo huo unampa nyuki joto la saa mbili asubuhi na kumficha na mvua. Paka grisi kwenye nguzo kuzuia sisimizi. Ukiona gogota anapasua mianzi, funika kwa wavu wa kuku ulioachwa sentimita 5 mbele ya milango. Mirija ya plastiki usiitumie: unyevu hauna pa kutokea, mkate wa chavua unaota ukungu na buu linaoza.

Soma kizibo

Mwanzi uleule anauhitaji nyuki na anauhitaji nyigu. Hili ni jambo jema, kwa kuwa kizibo cha mlangoni kitakueleza una wageni gani bila kufungua chochote.

Majani mabichi yaliyopangwa duara kwa duara: mkata-majani. Utomvu mweusi au wa rangi ya asali, wakati mwingine umechanganywa na vijiwe: nyuki wa utomvu. Pamba au manyoya ya mimea yaliyosokotwa: jamaa wa Anthidium, wanaokwangua vinyweleo vya majani. Ngozi nyembamba inayong'aa kama nailoni: Hylaeus, ambaye hubeba chavua tumboni, ndani ya mwili, na kwa macho hufanana sana na nyigu mdogo mweusi. Tope laini lililosawazishwa: nyigu wa Eumeninae, mwenye viwavi ndani, au Trypoxylon, mwenye buibui. Vijiti vya nyasi vinavyochomoza kama ndevu: Isodontia, mwindaji wa jamii ya panzi na senene.

Kama theluthi moja ya vizibo ni tope, usikasirike kwamba nyigu wamechukua nyumba ya nyuki. Kwa bustani ya mboga huo ni uwiano mzuri.

Ukimwona mdudu wa kijani cha chuma anayemetameta akizunguka milango na kujikunja kama mpira akiguswa, ni nyigu wa familia ya Chrysididae, anayetaga kwenye viota vya wengine. Nyuki mwenye mkia uliochongoka anayeingia bila chavua ni Coelioxys, naye anamvizia mkata-majani. Wachache ni dalili ya afya. Wakiwa wengi, umeweka mianzi mingi mno mahali pamoja. Gawanya mafungu mawili au matatu, mita 20 au zaidi kati yake.

Wa udongoni

Karibu asilimia 70 ya spishi za nyuki huchimba ardhini, lakini ndio wanaosahaulika kuliko wote, kwa sababu hakuna cha kununua wala cha kuning'iniza. Kumlinda ni kuacha kufanya jambo. Pengine ndiyo sababu ushauri huu haupendwi.

Angalia kwenye ukingo ulio wazi unaopigwa na jua asubuhi: matundu ya milimita 3 hadi 6 yenye kilima kidogo cha udongo laini pembeni ni ya Halictidae. Kwenye kuta za tope na kingo zilizosimama wima utakuta Amegilla, mwenye pete za buluu au nyeupe tumboni, anayerukaruka hewani kama mshale na kunguruma kwa sauti nyembamba. Jioni madume yake hulala yakiwa yameng'ata vijiti kwa taya, miguu ikiwa imeachia. Amegilla ni mngurumaji hodari, na tofauti na seremala hana madhara kwenye mbao. Kwa mkulima wa nyanya wa Ilula au Kilolo, tunamweka mbele ya seremala.

Acha ukanda wa mita moja kwa tatu kwenye ukingo mkavu usiotuamisha maji. Palizi yake iwe ya kufyeka, si ya jembe. Viota vingi vipo kati ya sentimita 10 na 60, na jembe la kulimia linafikia vya juu vyote. Usiweke matandazo hapo, usimwagilie. Tukuyu, ambako mvua ni nyingi, ukingo wa wazi unaloa mno. Huko jenga ukuta mdogo wa matofali mabichi chini ya upenu, urefu wa goti hadi kiuno. Udongo uwe laini kiasi kwamba ukucha ukiupitisha unachimbika. Ukiwa mgumu kuliko hapo, ongeza mchanga. Kabla haujakauka toboa vishimo vya milimita 8, kina cha sentimita 3, kwa msumari mnene. Nyuki atamalizia mwenyewe.

Nyuki wadogo

Nyuki wadogo wasiouma si wapweke. Wana malkia na kundi. Tunawaingiza kwa sababu mtu anayetaka nyuki pori mara nyingi anawaza asali. Wapo wa aina nyingi: Hypotrigona walio wadogo kama mbu, Meliponula walio wakubwa zaidi na baadhi yao huishi chini ya ardhi, na Plebeina wanaopanga ndani ya vichuguu. Kundi lenye nguvu la aina kubwa linaweza kukupa lita moja au mbili kwa mwaka. Aina ndogo haifikishi nusu lita. Asali yake ina maji mengi kuliko ya mzinga na huchacha haraka, hivyo iuzwe mapema au ihifadhiwe kwenye baridi.

Wanafaa Mbozi, ambako kahawa huchanua kwa kishindo kwa siku mbili tatu tu, kama wiki moja hadi mbili baada ya mvua, na kundi lililo tayari lina nafasi kuliko nyuki mpweke anayeanza msimu. Wanafaa pia Chunya na Isimani. Njombe mjini au Kitulo tusingewashauri. Asubuhi za baridi hawatoki, na kundi linakula akiba yake. Usipasue mti kuwapata. Ukipasua gogo lenye mayai na malkia bila kujua, unapata asali ya siku moja na kundi lililokufa. Na ndani ya hifadhi hata gogo kavu haliondolewi bila kibali.

Nyigu: si wote wana faida sawa

Watu wakisikia nyigu wapweke ni wawindaji, hudhani wote wanaua wadudu waharibifu. Sivyo. Sceliphron anajaza vyumba vyake buibui, na buibui naye ni mwindaji anayekusaidia. Kwa hesabu ya mkulima, mfinyanzi huyu hana faida kubwa wala hasara. Sababu ya kumwacha ni nyingine: viota vyake vikavu vya ukubwa wa ngumi hupangwa baadaye na nyuki wa utomvu na nyigu wadogo. Kama bonge la tope lina matundu ya duara ya kutokea, mwenyewe alishaondoka, na ndipo linapoanza kuwa na thamani kwa wengine.

Nyigu wa vichungu na jamaa zake wa Eumeninae wanaleta viwavi. Jike huwachoma mwiba wakapooza bila kufa, huwapanga kadhaa katika chumba kimoja pamoja na yai lake, na buu linakula nyama mbichi hadi linakomaa. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, kila mwindaji wa viwavi pembeni mwa shamba la mahindi ana sababu ya kulindwa, ingawa asitarajiwe kuzima mlipuko peke yake. Kwa sota wanaokata miche usiku, mwenye kazi ni Podalonia, nyigu mchimbaji anayewafukua mchana. Nduguye Ammophila, mrefu na mwembamba, mara nyingi na wekundu tumboni, huburuta kiwavi kikubwa kuliko mwili wake na kuziba tundu kwa kijiwe. Wote wawili wanahitaji njia za wazi, kavu, zenye udongo laini.

Nyigu wakubwa weusi wenye manyoya wanaoruka chini chini juu ya lundo la samadi au shamba la viazi ni Scoliidae. Wanachimba kufuata mabuu meupe ya mbawakavu wanaokula mizizi, wanataga juu yao hukohuko. Huwezi kuwajengea. Wanachohitaji ni maua ya nekta karibu, bizari, giligilani au magugu ya ukingoni yenye maua madogo wazi, maana midomo yao ni mifupi.

Mfugaji wa nyuki wa mzinga katika maeneo ya mchanga ajue kwamba Philanthus huwinda nyuki wa asali na kuwazika. Akiona matundu yake mbele ya mizinga, ahamishe mizinga kwenye kivuli na nyasi. Asimwage sumu ardhini.

Kuhusu kuumwa: nyigu mpweke na nyuki mpweke hawalindi kiota. Hakuna kundi la kuitana. Wanaoshambulia ni wa karatasi na wa mzinga. Anayejua mwili wake huvimba au kukosa pumzi akichomwa asikae karibu na yeyote kati yao.

Zao lako, sehemu yako

Pasheni ya njano mabondeni: magogo ya seremala, manne hadi sita pembeni mwa shamba, na usipulizie mchana wala jioni. Ua lake hufunguka karibu saa sita mchana na kufunga usiku, kwa hiyo ule ushauri wa kawaida wa kupulizia jioni unaua wale hasa unaowahitaji; pulizia alfajiri. Pasheni ya zambarau ni kinyume: hufunguka alfajiri na kufunga kabla au karibu na mchana, hivyo alasiri ni salama zaidi.

Nyanya, ngogwe, pilipili: kingo za udongo kwanza, mianzi pili. Alizeti ya Isimani na mbaazi: mianzi, pamoja na njia ya moto ya mita tatu kuzunguka nguzo, maana moto wa Septemba unachoma msimu mzima kwa dakika kumi. Parachichi za Rungwe na Njombe zina maua madogo yaliyo wazi kwa kila mdudu, lakini wingi wa maua ni mkubwa mno. Hapo tegemea mzinga, ukisaidiwa na nzi na nyuki wadogo kwenye maeneo ya joto, na uchanganye Hass na mti wa kundi B, ambao zamu ya ua lake kuwa la kike na la kiume ni kinyume na ya Hass, kama Fuerte. Nyuki wapweke watakuja, ila usiwape kazi hiyo peke yao. Pareto inashangaza: inatoa sumu ya wadudu, lakini haijichavushi, na mbegu zake zinahitaji wadudu haohao.

Chochote unachochagua, kiweke ndani ya mita 150 hadi 600 za zao, ambao ndio umbali wa kawaida wa nyuki mpweke kutafuta chakula. Seremala huenda mbali zaidi. Nyuki wadogo kabisa hubaki ndani ya mita mia chache.

Mianzi ibadilishwe kwa zamu. Wenye vizibo vya msimu huu uweke ndani ya ndoo yenye mfuniko uliotobolewa tundu moja la milimita 10, ndoo ikae kivulini mahali palepale. Wanaozaliwa hufuata mwanga na kutoka, na hawarudi ndani kwa sababu umeshawawekea mianzi mipya pembeni. Kizibo kinachobaki kizima baada ya misimu miwili, pasua mwanzi taratibu kwa kisu. Ukikuta unga wa njano wenye vijidudu vinavyotembea ni utitiri. Choma mwanzi huo. Ukikuta kifuko cha kahawia kikavu, kizito kiganjani, bado yuko hai. Funga mwanzi kwa uzi, urudishe ndooni.